Sashe kumi na mbili za makala: kisa cha darasa la sita la Katuba

Siku moja ya Alhamisi, katika shule ya msingi iliyoko Katuba, Lubumbashi, nchini Kongo, watoto 58 wa darasa la sita walipewa interro (jaribio dogo) ya hesabu yenye maswali matano. Swali la tatu liliandikwa kwa Kifaransa: mama mmoja anauza sashe (vifuko) 3 za makala kwa franka 2,000, sashe 12 ni bei gani? Msichana wa miaka 12, benchi la tatu upande wa dirisha, aliandika 24,000. Alizidisha 2,000 kwa 12, akapiga mstari chini kwa rula, akaendelea na swali la nne.

Jumamosi mwalimu wake alipita sokoni akamkuta msichana huyohuyo kwenye meza ya mama yake, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. (Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa: makala kwetu ni mkaa. Makala ya kusoma ndiyo haya.) Mama mmoja alitaka sashe 12 za kupeleka kwenye kilio. Mtoto hakuinua hata uso. "Huit mille" (8,000), alisema, akapokea noti ya 10,000, akarudisha noti mbili za 1,000. Mwalimu alinunua sashe tatu zake, akaondoka bila kusema neno.

"Mama, huyu mtoto ananichezea," aliniambia Jumatatu.

Mimi hufika pale kila wiki kuwafuata wanafunzi wa ualimu wanaofanya stage (mazoezi ya kufundisha), na yeye ndiye huwapokea darasani mwake. Si mvivu, na fiche zake (karatasi) za maandalizi ya somo ni safi kuliko za wengi. Kwake yeye maelezo yalikuwa mawili tu: ama mtoto anajua na hataki, ama sokoni amekariri bei kama kasuku.

Hilo la kasuku nililipima mwenyewe, kwa kuwa lingekuwa kweli kisa kingeishia hapo. Nilimwomba mama yake ruhusa, nikamwuliza mtoto bei ambazo hakuna mteja anayeziuliza. Sashe 21? Alinyamaza, midomo ikicheza, kisha: quatorze mille, 14,000. Sashe 36? Hapo alikwenda kwa sauti: "Douze njo huit mille. Huit, seize, vingt-quatre. Vingt-quatre mille." Yaani 12 ndiyo 8,000; nane, kumi na sita, ishirini na nne; 24,000. Zile 24,000 alizoziandika Alhamisi kwa sashe 12 zilikuwa zimepata mahali pake.

Aliyekariri hawezi kufanya hivyo. Mtoto huyu anajua kwamba sashe zikizidi mara tatu, bei nayo inazidi mara tatu, na anaitumia sheria hiyo bila kuwahi kuitamka. Gérard Vergnaud, mwanasaikolojia wa Ufaransa aliyesoma kwa Piaget, mtafiti wa Uswisi wa fikra za watoto, aliita maarifa ya namna hii teoremu-katika-tendo: ukweli wa hesabu unaoonekana katika anachokifanya mtu, hata kama ukimwuliza hawezi kuusema. Mtu akiniuliza kisa hiki kinahusu nini, nitamjibu kwamba kinahusu umbali uliopo kati ya teoremu hiyo na ubao wa shule. Mwalimu alijaribu kuuvuka mara tatu, na mara mbili alianzia ng'ambo isiyo ya mtoto.

Si Kifaransa peke yake

Mwenzangu wa kazi niliyemsimulia alinikata kabla sijamaliza: ni lugha hiyo! Jibu hili lina uzito wake huku. Mpango wa masomo unataka miaka ya kwanza ifundishwe kwa lugha ya taifa ya mahali, yaani Kiswahili kwetu, kisha Kifaransa kichukue nafasi. Lakini mjini shule nyingi humwingiza mtoto katika Kifaransa tangu siku ya kwanza. Wapo watoto wanaofika darasa la sita wakisoma sentensi bila kuielewa.

Ila tusikilize soko. Lubumbashi pesa huhesabiwa kwa Kifaransa. Bukari (ugali), sombe (kisamvu) na makala vina majina yake, lakini bei ni "cinq cents" (500), ni "mille cinq" (1,500). Namba za swali lile zilikuwa za lugha ambayo mtoto huyu anafanyia biashara kila Jumamosi. Maneno yanayosumbua ni madogo ya katikati: chacun (kila mmoja), de plus que (zaidi ya), à raison de (kwa kiasi cha). Kwa hiyo saa ya mapumziko nilimkalisha darasani nikamsomea swali lilelile kwa Kiswahili cha nyumbani, neno kwa neno. Aliinamia daftari, kisha akaniuliza: "Mama, tunazidisha ao tunagawanya?"

Sokoni hakuna anayeuliza hivyo. Kiswahili kilikuwa kimeondoa ukuta mmoja, nyuma yake kukawa na mwingine mnene zaidi. Guy Brousseau, mtafiti wa ufundishaji wa hesabu aliyefanya kazi Bordeaux, Ufaransa, aliuita mkataba wa kufundisha: makubaliano ambayo hayajaandikwa popote, yanayosema kwamba swali la mwalimu lina jibu siku zote, namba zake zote hutumika, na kazi ya mwanafunzi ni kukisia alama ya kuweka katikati. Ushahidi wa mkataba huo unachekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Karibu na mwaka 1980, walimu watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto 97 wa shule ya msingi swali hili: ndani ya meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa umri. Si wajinga wale. Walitimiza mkataba.

Msichana wetu naye aliutimiza. Aliona 3, 2,000 na 12, akachukua mbili zilizokaa vizuri pamoja, akazidisha. Kama angesimama kujiuliza iwapo kuna mtu duniani anayenunua sashe 12 kwa bei hiyo, angejibu vema, lakini mkataba haumwombi kusimama.

Wimbo wa règle de trois

Jaribio la kwanza la mwalimu lilikuwa limeanza kabla ya interro, nalo lilichukua wiki tatu. Kila asubuhi darasa lilisimama likaimba hatua za règle de trois (njia ya kutafuta bei kwa kupita kwenye kimoja): ninaandika nilichopewa, ninapita kwenye kimoja, ninazidisha. Kwa mita za kitambaa, kwa kilomita za treni, kwa lita za mafuta.

Sitaki kucheka wimbo. Watoto 58, watatu au wanne kwenye benchi moja, ubao mmoja: wimbo unawaweka wote kazini kwa pamoja, na kuna mambo, kama jedwali la kuzidisha, ambayo bila kurudiarudia hayakai. Hata fiche ya maandalizi imezaliwa upande huo. Ile sentensi tunayoiandika sote, "mwishoni mwa somo mwanafunzi ataweza...", inatokana na mafundisho ya malengo yanayopimika ambayo Robert Mager aliyatangaza Marekani mwaka 1962, katika enzi iliyosema kujifunza ni mabadiliko ya tabia yanayoonekana. Tumeirithi bila kuuliza jina la baba yake. (Wanafunzi wangu wa ualimu huijibu mitihani ya saikolojia kama watu waliotembelea bustani ya wanyama, kila mtafiti na mnyama aliyempima: Pavlov mbwa, Thorndike paka, Skinner njiwa. Ukiwauliza ni wapi kwenye fiche yao wanamwona Thorndike, wanatazamana.)

Sasa huyo Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, ana jambo la kutuambia. Mwanzoni aliamini kwamba zoezi peke yake huimarisha. Baadaye, karibu na mwaka 1930, alibadili msimamo. Aliwafunga watu macho, akawataka wachore mistari ya urefu fulani, mamia kwa mamia, bila kuwaambia kama wamepatia. Hawakuendelea mbele hata kidogo. Kurudia bila kujua umefika wapi hakufundishi. Nilipomwuliza mwalimu karatasi za interro zilizotangulia zilirudi lini kwa watoto, alihesabu kwenye vidole: baada ya siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili za kuchora mistari macho yakiwa yamefungwa.

Ila wimbo ulikuwa na kasoro kubwa zaidi, nayo imo ndani ya hesabu yenyewe. "Kupita kwenye kimoja" maana yake ni kugawanya 2,000 kwa 3. Inatoka 666.66 na mkia usiokwisha. Hakuna noti ya franka 666 na nukta, na hakuna mama wa Katuba aliyewahi kuwaza kiasi hicho. Mtoto anakwenda 3, 6, 12. Shule inamwambia ashuke kwanza hadi 1, mahali ambapo soko halina kitu, ndipo apande. Yeye alisikia wimbo huo kama habari ya nchi nyingine.

Makala yaliyobadilishwa jina

Mwalimu alikuwa amehudhuria siku moja ya mafunzo, akaambiwa atumie mifano ya maisha ya mtoto. Akatii. Kitambaa kikawa makala, treni ikawa baiskeli inayoleta magunia kutoka njia ya Kasenga. Interro ile ya Alhamisi ndiyo iliyokuwa matunda ya mafunzo hayo: watoto 17 kati ya 58 ndio waliopata 8,000.

Aliyemfundisha hakumdanganya. Mwaka 1985, Terezinha Nunes Carraher na wenzake wawili walitoa habari za watoto watano wa Recife, Brazili, wa miaka 9 hadi 15, waliokuwa wakiuza vitu barabarani. Wakiulizwa bei penye biashara yao, walipata asilimia 98.2. Hesabu kavu za namba tupu, asilimia 36.8. Maswali ya hadithi, asilimia 73.7. Kwa hiyo hadithi inasaidia. Lakini kati ya hadithi na biashara yenyewe bado lipo pengo, na kwetu lilikuwa pana kuliko la Recife, maana juu ya hadithi kulikuwa na Kifaransa, na juu ya Kifaransa kulikuwa na wimbo unaoamuru njia ya kupita. Kuandika neno makala kwenye swali hakumpeleki mtoto sokoni. Alibaki kwenye benchi lake, akiwa na rula mkononi.

Hapo ndipo mwalimu alipokasirika, na sikumlaumu. "Nimefanya yote mliyosema," aliniambia. Mimi binafsi sikuwa nimesema lolote, lakini nilielewa: sisi tunaofika na daftari kukaa nyuma ya darasa ni watu wamoja kwake.

"Umefanyaje?"

Jambo la tatu halikuwa na mpango. Lilitokea kwa sababu mwalimu bado alitaka kuthibitisha kwamba mtoto anamchezea. Alileta darasani zile sashe tatu alizozinunua, akazipanga mezani, akamwita msichana mbele na kumwambia: jifanye uko sokoni, mimi ni mteja, nipe kumi na mbili. Mtoto aliona haya, watoto wakacheka, kisha akajibu: huit mille. Mwalimu alikuwa na chaki tayari kumwumbua na lile 24,000, lakini neno lililomtoka likawa lingine: "Umefanyaje?"

"Tatu, deux mille. Sita, quatre mille. Kumi na mbili, huit mille. Njo vile, Maître." (Ndivyo hivyo, Mwalimu.)

Akaandika ubaoni jinsi alivyosikia. Safu mbili: 3 na 2,000, chini yake 6 na 4,000, chini yake 12 na 8,000. Darasa likatulia. Mvulana wa nyuma, ambaye kwao wanauza mikate, akasema yeye hufanya hivyohivyo ila hupita kwenye 9. Wa tatu akasema angeanza na 12 moja kwa moja, maana 3 inaingia mara nne. Kwa dakika kama kumi hakuna aliyeuliza azidishe ao agawanye.

Swali "umefanyaje" lina historia. Jean Piaget, kijana mwenye shahada ya mambo ya konokono, alipewa kazi mjini Paris karibu na mwaka 1920 ya kupima akili za watoto kwa maswali yenye jibu moja sahihi. Majibu sahihi yalimchosha. Alianza kuwauliza watoto namna walivyofikia makosa yao, na kazi ya maisha yake ikatoka humo. Tunachokumbuka kwa kawaida ni hatua zake nne na umri wa kila hatua, jambo ambalo kwa mwalimu mwenye darasa la sita asubuhi ya Jumanne halina msaada mkubwa. Ule udadisi wake juu ya kosa ungemsaidia zaidi.

Na kilichotokea ubaoni, Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, alikuwa amekieleza kabla ya kufa mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Alisema dhana za kila siku na dhana za shule hukua kwa kuelekeana: za kila siku hupanda kutoka kwenye mambo yenyewe, za shule hushuka kutoka kwenye maneno, na kila moja huhitaji nyingine ikutane nayo. Kabla ya siku ile, ya mtoto ilikuwa imekwama chini bila maandishi, ya mwalimu imekwama juu bila sashe. Safu mbili za chaki ndizo zilizokuwa mahali pa kukutania. Siku zilizofuata mwalimu aliwachorea jedwali zima, halafu akawapa mistari mitupu, halafu hakuwapa kitu. Yaani aliondoa jukwaa kidogokidogo kama fundi anavyofanya ukuta ukikauka.

Kimoja kilibaki: ile njia ya kupita kwenye kimoja, ambayo mtihani wa mwisho wa darasa la sita unaweza kuidai. Mwalimu aliuliza: je, sashe 7? Jedwali la 3, 6, 9 likaruka juu ya 7. Msichana alijibu haraka: franka 4,700. Sita ni 4,000, na anayechukua moja pekee hulipa 700.

Mwalimu aliandika X nyekundu. Jibu la kitabu ni 4,666.66.

Tulibishana juu ya X hiyo hadi kengele ya kutoka. Mimi nilisema jibu la mtoto lina hesabu mbili ndani yake, ile ya uwiano na ile ya muuzaji anayejua kwamba kimoja hakiuzwi kwa bei ya jumla. Yeye akasema mtihani hautamwuliza kama ana chenji. Sote wawili tulikuwa sahihi, na ndiyo sababu kesho yake alilirudisha swali darasani: 4,700 na 4,666.66, ipi ya nani? Safari hii watoto ndio waliotaka kujua kile 666.66 kimetoka wapi. Walikigawanya wenyewe, wakaona mkia usiokwisha, wakagundua kwamba kimoja ni ngazi inayomfikisha mtu kwenye 7, 10 au 11, hata kama hakuna anayelipa kwa ngazi. Wimbo wa wiki tatu ulipata maana kwa nusu saa. Sidhani nusu saa hiyo ingewezekana bila ule wimbo. Maneno walikuwa nayo tayari, yalikosa mahali pa kutua.

Nguo kwenye kamba

Interro ya wiki ile: 44 walipata. Mwalimu alifurahi, nami nikafurahi, na wiki tatu baadaye swali la namna ileile lilirudi na waliopata walikuwa 29.

Kusahau huku si aibu ya mtu. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alikuwa ameshaupima mteremko wake juu ya kumbukumbu yake mwenyewe mwaka 1885. Dawa iliyopo shuleni ni ya bei rahisi. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi za kusoma. Baadhi wakazisoma tena, wengine wakajaribu kuziandika kutoka kichwani. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja ikageuka: 42 kwa 56. Mwalimu sasa huanza kila asubuhi na maswali mawili ya zamani kwenye ardoise (kibao kidogo cha kuandikia), watoto huziinua juu, anaziona zote kwa jicho moja, na jibu linatolewa palepale. Haisahihishwi karatasi, haisubiriwi siku ya kumi na mbili.

Katika maswali hayo ya asubuhi mmoja wa wanafunzi wangu wa stage alitega mtego. Nguo 3 zimeanikwa kwenye kamba, zimekauka kwa saa 2. Nguo 12 zitakauka kwa saa ngapi? Ardoise ziliinuka: 8, 8, 8, 8. Jedwali lilikuwa limekuwa wimbo mpya. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, wamechunguza kwa miaka mingi jinsi mwanafunzi akishaujua uwiano anavyouona kila mahali, hata usipokuwepo. Kumbe darasa letu lilikuwa limefika huko kwa haraka, na kwa njia ileile tuliyoisifu.

Msichana wa makala naye alikuwa ameandika 8. Aliiangalia, akaifuta kwa kiganja, akasema bila kunyoosha kidole: "Maître, jua njo moja." Kisha akauliza kama kamba inatosha nguo zote.

Siku hiyo, kabla sijaondoka, niliitazama fiche ya mwalimu. Ina sehemu ya somo, ya lengo, ya njia, ya vifaa, ya tathmini. Haina sehemu ya alichokisema mtoto. Alikuwa ameandika pembeni, kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo zinazokwenda kwa kupinda kufuata ukingo wa karatasi: "7 = 4,700, nguo = 8. Kesho niulize: lini jedwali linakataa?"